Mkataba unasema milioni na laki mbili, benki imeingia laki saba na ushee: piga hesabu ya makato yako mwenyewe

Kwenye hizi kampuni zetu za Arusha kila mwisho wa mwezi mhasibu lazima apate mtu mmoja mpya wa kumuuliza "mbona imeingia pungufu?" na jibu huwa fupi tu, "makato ya serikali hayo kaka", basi mtu anaondoka amenuna anailaumu serikali wiki nzima, wakati ukikaa na slipu yake dakika kumi unakuta serikali imechukua sehemu tu, sehemu nyingine ni deni lake mwenyewe la chuo na nyingine ni hela yake imehamishwa tu akaunti. Mi kazi yangu ni hizi hesabu za mishahara kwa hiyo naziandika zote hapa na tarakimu zake, we chukua slipu yako na kalkuleta ya simu twende pamoja. Naongelea Tanzania Bara tu, Zanzibar wana mfuko wao na utaratibu wao.

Kama huna slipu anzia hapo kwanza, iombe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi, umelipwa nini na umekatwa nini, meseji ya benki inayosema "umepokea" siyo slipu hata kidogo na bado kuna watu wana miaka kazini hawajawahi kuiona.

Haya, kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba makato hayatoki yote kwenye namba moja na yana foleni yake, nani anatangulia na nani anafuata. Tutunge mfano, dada yupo rezevesheni kwenye kampuni ya safari pale Njiro, kamaliza chuo kwa mkopo wa bodi, mkataba wake ni hivi: mshahara wa msingi 1,000,000, posho ya nyumba 120,000, posho ya usafiri 80,000, jumla mshahara ghafi 1,200,000. Hiyo ndo namba aliyompigia simu mama nyumbani kumwambia, na hapo ndo matatizo yanapoanza.

Wa kwanza kwenye foleni ni NSSF, mfuko wa pensheni. Sekta binafsi mchango ni 20% ya mshahara ghafi, mwajiri anaruhusiwa kukukata we isizidi 10% na inayobaki anatoa yeye. Kwa hiyo dada anakatwa 120,000, na bosi anaweka 120,000 yake ambayo wengi hawaihesabu kwa sababu hawaioni ikipita. Ukikuta bosi kakukata 20 yote peke yako, hapo umeibiwa na sheria iko upande wako.

Wa pili ni PAYE, kodi ya mshahara inayokwenda TRA (mamlaka ya mapato), na hapa weka alama: kodi haipigwi kwenye 1,200,000, inapigwa kwenye kilichobaki baada ya NSSF, yani 1,080,000. Madaraja yenyewe ni haya:

Mpaka 270,000 hamna kodi.
Kutoka 270,000 hadi 520,000, ni 8% ya kinachozidi 270,000.
Kutoka 520,000 hadi 760,000, ni 20,000 jumlisha 20% ya kinachozidi 520,000.
Kutoka 760,000 hadi 1,000,000, ni 68,000 jumlisha 25% ya kinachozidi 760,000.
Zaidi ya 1,000,000, ni 128,000 jumlisha 30% ya kinachozidi milioni.

Jedwali hili linatumika tangu Julai 2021, Rais Samia alitangaza Mei Mosi ya mwaka huo kule Mwanza kwamba ile 9% ya daraja la chini inashuka kuwa 8%, watu wakashangilia sana, ukipiga hesabu nafuu kubwa kabisa aliyopata mtu ilikuwa 2,500 kwa mwezi, nauli ya daladala ya siku mbili tatu, lakini haya, kidogo siyo sawa na hamna. Kila Juni bajeti ikisomwa sikiliza kama jedwali limeguswa maana mabadiliko huwa yanaanza Julai.

Dada wetu basi: 1,080,000 imezidi milioni kwa 80,000, 30% yake ni 24,000, jumlisha 128,000, PAYE ni 152,000.

Wa tatu ni bodi ya mikopo, HESLB. Wao wanachukua 15% na wanaangalia mshahara wa msingi tu, posho hawagusi, kwa hiyo 15% ya milioni ni 150,000. Na hii inakuja baada ya kodi, yani hela unayorejesha bodi imeshalipiwa kodi tayari na haikupunguzii chochote TRA. Ndo maana inauma kuliko zote.

1,200,000 toa 120,000, toa 152,000, toa 150,000, inabaki 778,000. Hiyo ndo itaingia benki.

Sasa rudi kwenye ile NSSF maana ndo inayolalamikiwa kuliko yote na mi naona inaonewa. Jaribu kuifuta kabisa uone. Bila NSSF kodi ingepigwa kwenye 1,200,000 yote, ingekuwa 128,000 jumlisha 60,000, yani 188,000, na dada angeondoka na 862,000. Tofauti na ile 778,000 ni 84,000. Kwa hiyo katoa 84,000 mfukoni kwake na kwenye akaunti yake ya NSSF imeingia 240,000! 120,000 kaweka bosi na 36,000 imetoka kwenye kodi ambayo TRA wangeichukua. Hamna kikoba, hamna SACCOS, hamna bondi itakayokupa hivyo siku ya kwanza tu unapoweka hela. Mtu wa daraja la 30% kila 10,000 anayokatwa NSSF anaisikia kama 7,000, mtu wa 8% anaisikia kama 9,200, huyo wa chini ndo ana haki ya kulalamika kidogo.

Na kabla hujamchukia bosi angalia na upande wake. Kwa huyu dada analipa mshahara 1,200,000, NSSF yake 120,000, alafu SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, 3.5% ambayo ni 42,000 kama kampuni ina wafanyakazi kumi au zaidi, alafu WCF ya fidia kwa wafanyakazi 0.5% ambayo ni 6,000, jumla 1,368,000. Dada anaona 778,000, bosi anaona 1,368,000, wote wawili wako sahihi na ndo maana hawaelewani kwenye kikao cha kuongeza mishahara. Ila kumbuka SDL na WCF ni mzigo wa mwajiri mtupu, zikionekana upande wa makato kwenye slipu yako uliza kwa adabu lakini uliza, nimeshaona slipu ya mtu wa Moshi imekatwa WCF kila mwezi na yeye anadhani ni bima yake.

Mshahara wa chini hesabu ni fupi. Kijana wa usafi wa vyumba kwenye hoteli Moshi, ghafi 450,000, hana deni la bodi. NSSF 45,000, inabaki 405,000, inayozidi 270,000 ni 135,000, 8% yake ni 10,800. Anaondoka na 394,200. Kwake kodi ni ndogo kuliko NSSF mara nne, kwa hiyo akisema "TRA wananimaliza" anamsingizia mtu asiyehusika.

Watumishi wa umma mambo yao yako tofauti kidogo na hapa naona walimu wengi wanachanganya slipu yao na ya shemeji aliyeko kampuni binafsi. Mfuko wao ni PSSSF, ulioundwa 2018 baada ya kuunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF, mfanyakazi anachangia 5% na mwajiri 15%, inahesabiwa kwenye mshahara wa msingi. Alafu kuna bima ya afya, NHIF, 3% na serikali inaongeza 3% nyingine. Mwalimu wa Moshi mwenye 900,000: PSSSF 45,000, NHIF 27,000, na hii ya bima haipunguzi kodi, kwa hiyo kodi inapigwa kwenye 855,000, ni 68,000 jumlisha 25% ya 95,000, jumla 91,750. Bodi 135,000. Chama cha walimu CWT 2% ni 18,000. Anabaki na 583,250, na bado hajagusa mkopo wa benki. Cha kuangalia hapo ni mfuko, kakatwa 45,000 lakini akaunti yake imepokea 180,000, yani kwa upande wa pensheni mtumishi wa umma anatoa kidogo kuliko sisi na anapata karibu sawa, wivu unaruhusiwa.

Mkopo wa benki sasa. Kwa mtumishi wa umma kanuni ni kwamba makato yote yakiisha ibaki angalau theluthi ya mshahara, kwa 900,000 ni 300,000. Kwa hiyo mwalimu wetu nafasi ya kukopa iliyobaki ni 283,250 kwa mwezi na ofisa mikopo wa benki ataijua hiyo namba kabla yako, atakuambia "mwalimu unaruhusiwa mpaka marejesho ya 280,000" kama vile ni zawadi. Kuruhusiwa na kumudu ni vitu viwili. Anayesaini inayojaza mpaka ukingoni anabaki na laki tatu kwa mwezi na mtoto yupo bodingi, ikifika tarehe 15 ndo unamkuta kwenye kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, na kausha damu haionekani kwenye slipu kwa hiyo hakuna kanuni ya theluthi inayomlinda tena, kadi ya benki anaiacha kwao pamoja na namba ya siri.

Hilo linanileta kwenye deni la bodi, maana kuna watu wanakopa ili walimalize haraka. Zamani ilikuwa na maana, kulikuwa na ile 6% ya kutunza thamani kila mwaka, deni lilikuwa linakua we unalipa. Ilifutwa 2021. Sa hivi deni la 9,000,000 ukikatwa 150,000 kwa mwezi ni miezi 60, miaka mitano, halikui. Kukopa benki yenye riba ili kulipa deni ambalo halikui ni kujitafutia maumivu, acha liende lenyewe. Kazi yako ni moja tu, kujua lini linaisha, chungulia salio lako la bodi kwenye mtandao kila baada ya muda maana mwajiri hatasimamisha mpaka apate taarifa, na likikaribia kuisha anza kufuatilia mapema barua ya kumaliza deni. Ukikatwa zaidi hela hurudishwa, ila kuidai ni safari nyingine.

Nyongeza ya mshahara. Kuna hii imani kwamba "nikiongezwa nitaingia kwenye 30% nitapata pungufu kuliko sasa", hapana, haiwezekani. Madaraja yanafanya kazi kama ndoo zilizopangwa, ya kwanza ikijaa ndo maji yanamwagikia ya pili, 30% inagusa yale yaliyomwagika juu ya milioni tu, yaliyoko chini hayaguswi. Lakini ukweli wa upande wa pili nao usemwe. Dada wa Njiro akiongezwa 100,000 kwenye msingi: NSSF 10,000, kodi 30% ya 90,000 ni 27,000, bodi 15,000, mkononi inafika 48,000. Chini ya nusu. Asiye na bodi anapata 63,000. Kwa hiyo bosi akisema "nimekuongeza laki" usiende kuchukua pikipiki ya mkopo kwa hesabu ya laki.

Na kwenye usaili ukiulizwa unataka ngapi, sema wazi unaongelea ghafi au mkononi, hizi kampuni nyingi za huku wamiliki wanapenda kuongea "net" alafu mkataba unaandikwa vingine. Kama we unajua mkononi unataka ngapi, kuna njia ya haraka ya kurudi nyuma kwa mtu wa NSSF asiye na deni la bodi, na ghafi yake inazidi kama milioni moja na laki moja na kumi na mbili: chukua unachotaka mkononi, toa 172,000, gawanya kwa 0.63. Unataka milioni kamili mkononi? 828,000 gawa kwa 0.63, ni kama 1,314,300. Sema hiyo mezani, usiseme milioni. Mwenye deni la bodi akumbuke 15% ya msingi itatoka tena juu ya hapo.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe ambalo Arusha na Moshi ni ugonjwa, mshahara wa karatasi. Bosi anakuita pembeni, anakuambia "dada yangu, hawa TRA na NSSF watatumaliza wote, tuandike laki tano kwenye mkataba, hiyo laki saba nakupa keshi, utaona utakavyoondoka na hela nzuri". Na ni kweli utaondoka na hela nzuri, sitakudanganya. Piga: kwenye 500,000 unakatwa NSSF 50,000, kodi 14,400, bodi 75,000, unabaki na 360,600, ongeza keshi 700,000, mkononi 1,060,600. Imezidi ile 778,000 kwa 282,600. Nani atakataa?

Ila ifungue hiyo 282,600 uone ndani yake kuna nini. 75,000 ni deni la bodi ambalo hujalipa, lipo palepale linakusubiri. 70,000 ni mchango wako wa NSSF, hela yako mwenyewe umeila mapema. 137,600 ni kodi iliyokwepwa, na hilo ni kosa kisheria hata tukiliita jina zuri. Na bosi je? NSSF yake ambayo hajakuwekea ni 70,000, SDL 24,500, WCF 3,500, ameokoa 98,000 kila mwezi na hakukuambia hiyo sehemu.

Alafu subiri siku mbaya. 2020 ndege zilivyosimama kwa corona, mji huu kampuni za utalii zilifunga milango ndani ya wiki, na NSSF wana fao la kukosa ajira, mtu aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kazi mwenyewe analipwa 33.3% ya mshahara kwa miezi sita. Mshahara upi? Ule wa kwenye mfumo. Kwa 1,200,000 ni karibu laki nne kwa mwezi, kwa laki tano ya karatasi ni 166,500. Keshi ya laki saba haina kumbukumbu popote, huwezi kuidai, huwezi kukopea benki, na ukiachishwa kazi malipo yako ya mwisho yanapigwa kwenye kilichoandikwa.

Uzeeni ndo kabisa. Kikokotoo kinavyofanya kazi: chukua miezi uliyochangia, gawanya kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka wa ile miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho, alafu gawanya kwa 12 upate ya mwezi. Lazima uwe umefikisha miezi 180, yani miaka 15, na umri ni 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Mtu aliyechangia miezi 240 kwenye 1,200,000 anapata pensheni ya kama 496,500 kwa mwezi kabla ya kutoa mkupuo (lile fungu unalolipwa mara moja ukistaafu), aliyechangia miezi hiyo hiyo kwenye laki tano anapata kama 206,900. Kelele zote za kikokotoo unazosikia zinahusu mkupuo, 2018 walitaka iwe 25% watu wakapiga kelele mpaka Rais Magufuli akasimamisha Desemba hiyo hiyo, Julai 2022 ikaja 33%, bajeti ya 2024/25 ikapandisha mpaka 35% kwa wengi na 40% kwa wale ambao zamani walikuwa wanapata mkupuo wa 50%. Ni mjadala wa haki kabisa lakini mtu mwenye mshahara wa karatasi anabishania asilimia ya kitu kidogo, kwanza arekebishe kitu chenyewe.

Madereva na waongoza watalii wanaolipwa kwa tripu wengi hawako hata kwenye huo mfumo, wanapewa hela ya siku na tipu za wageni basi. Kama ni we, uliza kama unaweza kuandikishwa kama mwajiriwa, ikishindikana NSSF wanapokea waliojiajiri wanaochangia wenyewe. Masika, Aprili na Mei, magari yamepaki yard na tipu hamna, ndo utajua kama ulikuwa na mfumo au ulikuwa na bahati.

Kukatwa ni jambo moja na hela kufika ni jingine. Kaka mmoja wa hapa mjini alikuwa na slipu safi kabisa, imechapishwa, ina nembo ya kampuni, NSSF imekatwa kila mwezi bila kuruka. Tulikuwa kwenye kibanda cha chai Kaloleni nikamwambia hebu fungua taarifa ya michango kwenye simu, akafungua, akawa anashusha kwa kidole gumba, Januari ipo, Februari ipo, Machi hakuna, Aprili hakuna, inaruka mpaka Agosti. Chapati ikabaki kwenye sahani. Sheria inampa mwajiri mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara awe amepeleka, kwa hiyo ya Machi ukiikosa Mei imeshachelewa, na akichelewa anapigwa adhabu, ila adhabu haimfikii mtu ambaye hakuna aliyemsema. Jiunge na huduma ya mtandao ya mfuko wako, NSSF wanayo, PSSSF wana PSSSF Kiganjani, na uangalie kila baada ya miezi miwili mitatu. Miezi ikipungua nenda ofisi ya mfuko na slipu za miezi hiyo pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara uliingia ukiwa umeshakatwa, wana wakaguzi wanaokwenda kwa mwajiri na wanaweza kumpeleka mahakamani. Ndo maana nasema slipu zitunze, piga picha, jitumie kwenye barua pepe, usiziache kwenye kompyuta ya ofisi maana siku ya kugombana hiyo kompyuta siyo yako.

Mwenye kazi mbili, mwalimu wa mchana serikalini na jioni anafundisha chuo binafsi, ajira ya pili inakatwa 30% moja kwa moja kuanzia shilingi ya kwanza, ile 270,000 ya bure umeshaitumia kule kwa kwanza. Usimlaumu mhasibu wa jioni.

Na mwisho kuna yale makato yasiyo ya sheria yoyote. Glasi zimevunjika baa, kioo cha gari kimepigwa jiwe njia ya Ndutu, kompyuta imemwagikiwa chai, mwisho wa mwezi unakuta 200,000 haipo na kwenye slipu imeandikwa "mengineyo". Hawezi. Kifungu cha 28 cha ile Sheria ya Ajira ya 2004 kinataka uwe umekubali kwa maandishi, uharibifu uwe umetokea kazini kwa kosa lako, akupe kwa maandishi sababu na hesabu ya gharama, upate nafasi ya kupinga, kiasi kisizidi hasara yenyewe, na makato yake yasizidi robo ya ujira wako. Jiwe la Ndutu halikurushwa na dereva. Anza kwa kumwandikia HR, barua fupi tu au barua pepe, uliza "mengineyo" ni nini na nilisaini wapi, mara nyingi inaishia hapo hela inarudi mwezi unaofuata kimya kimya. Isiporudi kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, wana ofisi Arusha na Moshi, madai ya mshahara unayo siku 60 tangu litokee na kama ni kuachishwa kazi ni 30 tu, kwa hiyo usikae unasubiri bosi arudi kutoka Dar.